Ushuru wa Mwalo, Pete za Gati na Maji Yanayopanda: Majibu kwa Wasomaji wa Kandokando ya Ziwa

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kandokando ya Ziwa Victoria, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nani anautunza ufukwe wa umma, kwa fedha ipi na kwa utaratibu upi. Kabla ya kustaafu nilisimamia magati madogo ya ziwa hili kwa miaka mingi, kwa hiyo mhariri ameniachia ukurasa wote. Barua zilizofanana nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuwapeleka sokoni. Kila gunia nalilipia ushuru na risiti napewa. Lakini taa za mwalo zimezimika tangu masika, choo kimefungwa kwa kufuli, na kwenye ngazi ya gati kuna ubao umevunjika, tunauruka tukiwa na mizigo kichwani. Tukimuuliza mkusanya ushuru anasema kazi yake ni mashine tu. Tuanzie wapi? (Mnunuzi wa dagaa, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuruka ubao ukiwa na mzigo kichwani. Kijana aliyekujibu hivyo hakukudanganya. Fedha unayomlipa hailali mwaloni: inapelekwa benki, na huko inaingia katika kapu moja la mapato ya ndani ya halmashauri pamoja na ushuru wa masoko, ada za stendi na leseni za biashara. Ikishaingia humo haina tena jina la mwalo wako. Ubao wako unakwenda kushindana na madawati ya shule, dawa za zahanati na gari la taka, na kwa kuwa watu wameshazoea kuuruka, unashindwa mwaka hadi mwaka. Tatizo liko hapo, katika fedha iliyotoka ufukweni bila njia ya kurudi ufukweni.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisheni mnajua mali ni ya nani, kwa sababu ufukwe wa ziwa hili una wenyewe wengi. Bandari rasmi, kama Mwanza Kaskazini, Mwanza Kusini, Nansio, Bukoba na Kemondo, ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Vivuko vya serikali vinaendeshwa na TEMESA, yaani Wakala wa Ufundi na Umeme. Usajili na ukaguzi wa vyombo, pamoja na idadi ya abiria ambayo chombo kinaruhusiwa kubeba, ni kazi ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mialo ya samaki kwa kawaida ni ya halmashauri, na ndani ya mwalo kuna kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, tunachokiita BMU, ambacho kazi yake ni kulinda uvuvi, si kugongomea mbao. Nimeona barua nzuri kabisa, zenye saini za watu wengi, zikizunguka miezi mitano ofisini kwa sababu tu zilipelekwa kwa asiye mwenye gati.

Mkishamjua mwenyewe, andikeni barua moja, si kumi, na kasoro zitajwe kwa mahali na kwa kipimo: taa ngapi hazifanyi kazi na ziko nguzo zipi, ubao upi kwa kuhesabu kutoka majini, choo kimefungwa tangu lini. Ambatisheni nakala za risiti zenu za wiki moja. Humo humo ulizeni mambo mawili: mwaka uliopita mwalo wenu ulikusanya kiasi gani, na kiasi gani kilirudi kama matengenezo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuuliza hivyo, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ombeni pia diwani wa kata yenu aliingize jambo hilo katika baraza la madiwani, ambalo hukaa kila robo mwaka, kisha nendeni mkasikilize litakavyozungumzwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupikwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua inayofika Aprili inakuta chungu kimeshaipuliwa. Pelekeni Novemba, na msiombe ubao peke yake. Ombeni kifungu cha matengenezo chenye jina la mwalo wenu, na kiwe sehemu maalumu ya kile mwalo unachokusanya. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba sehemu ndogo inayorudi kila mwezi inafaa kuliko mamilioni yanayokuja mara moja katika miaka kumi, kwa sababu ubao uliovunjika hauendi peke yake. Uzito uliokuwa wake unabebwa na jirani zake, misumari yao inalegea, na baada ya misimu miwili ya mvua kinachotengenezwa si ubao tena bali ngazi nzima. Habari ya choo nitaigusa hapa chini.

SWALI: Mwangaluka, baba. Nimehamishiwa kusimamia gati dogo la halmashauri lenye mitumbwi ya mizigo, boti tatu za abiria na soko la samaki pembeni. Nimekabidhiwa funguo, daftari tupu na bango lililoandikwa "Usioge hapa". Nianze na nini? (Msimamizi mpya, mkoani Geita)

JIBU: Mwangaluka, mwanangu. Anza na miguu yako. Kila asubuhi, kabla boti ya kwanza haijapakia, litembee gati zima kutoka nchi kavu hadi ncha yake ukiwa na nyundo ndogo, brashi ya waya na kalamu. Gonga kila nguzo ya mbao pale maji yanapokutana na hewa. Nguzo nzima hujibu kwa mlio mkavu na mfupi, nayo iliyooza hutoa mlio mzito wa kuzubaa, na nyundo hairuki mkononi. Nimesema pale maji yanapokutana na hewa kwa sababu mbao iliyozama moja kwa moja hukosa hewa, na ukungu unaoozesha mbao hauishi bila hewa. Iliyo juu kabisa inakaushwa na jua. Ya katikati, inayolowa leo na kukauka kesho, ndiyo inayoliwa. Chuma nacho huanza kuharibika mahali pale pale. Maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo kutu yake ni ya polepole kuliko ile ya Tanga au Dar es Salaam, na upole huo ndio unaotufanya tusiishughulikie mapema. Sugua kwa brashi. Kutu inayotoka kama unga bado ni ya juu juu, lakini ikibanduka kwa maganda kama ya mti, kipande hicho kimeshapoteza nguvu na hakifai kufungiwa chombo.

Nililijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine, na bado linaniuma. Gati moja nililolisimamia lilikuwa na pete tano za chuma za kufungia boti, zimesimikwa katika zege. Asubuhi moja niliishika pete ya nne ikacheza mkononi. Nikaandika katika daftari, "Pete ya nne imelegea," nikalifunga daftari nikaendelea na kazi. Siku kumi na tisa baadaye upepo uliinuka ziwani wakati wa magharibi. Boti ya mizigo iliyofungwa kwenye pete ile ilivuta kamba mara tatu, na mara ya nne pete ikachomoka pamoja na kipande cha zege cha ukubwa wa tofali. Boti ilipigwa kwenye mawe hadi ubavu ukafunguka. Watu walikuwa wameshashuka, nashukuru, lakini magunia ya mahindi ya mama mmoja yalilowa yote, naye mtaji wake ulikuwa wa mkopo. Nilipolifungua daftari niliyakuta maneno yangu, ya kweli kabisa, ambayo hayakumsaidia mama yule kwa lolote, kwa sababu sikuandika nani ataitengeneza pete na lini, wala sikuizuia kutumika.

Tangu siku hiyo daftari langu lilikuwa na safu nne: kasoro, hatua iliyochukuliwa leo hii, mtu mwenye kuitengeneza, na tarehe kasoro ilipokwisha. Safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa. Pete ikilegea, hatua ya leo ni kuifunga kitambaa chekundu na kuwaambia manahodha kwa mdomo kwamba haitumiki. Ubao ukivunjika, hatua ya leo ni kuweka kizuizi pande zote mbili, hata kama fundi atakuja baada ya mwezi. Kasoro isiyokuwa na hatua ya leo usiiandike ukaondoka.

Kuhusu wakati wa matengenezo, acha mwezi ukupangie. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mwanga wa taa unawavuta dagaa vizuri usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika na gati hupungua msongamano. Hizo ndizo siku za kung'oa mbao na kumwaga zege, na zinajulikana mwaka mzima kabla hujaomba fundi. Ukaguzi wa chini, wa miguu ya nguzo, uupange mwishoni mwa kiangazi, karibu na Oktoba, kwa sababu maji huwa juu baada ya masika na hupungua kuelekea miezi hiyo. Bahari inapwa na kujaa kila siku na kumwonyesha msimamizi wa Tanga miguu ya gati lake. Ziwa halitufanyii hisani hiyo, hivyo ni lazima tuitafute siku yake.

Bango lako liache lilipo, na kando yake weka ubao wa hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa, nawe uandike kwa chaki kila jioni kabla mitumbwi haijatoka. Dhoruba nyingi za ziwa letu hutokea usiku na alfajiri, kwa sababu nchi kavu hupoa haraka jua likizama wakati maji yanabaki na joto. Upepo wa pande zote huvuma kuelekea ziwani, unakutana katikati, na wingu linainuka hapo hapo juu ya vichwa vya wavuvi. Mvuvi analijua hilo kwa macho yake, lakini kijana wa msimu wa kwanza halijui. Mwisho, petroli ya injini isimiminwe mahali abiria wanapopandia, na boya la kuokolea liwe na kamba yake, lining'inie mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulichukua bila ufunguo.

SWALI: Mwaka 2020 maji yalifunika gati letu, tukawa tunapandia boti kwenye mawe. Yaliposhuka kidogo tukamwaga zege juu ya lile la zamani, na mwaka 2024 yakapanda tena. Fundi anataka tuliinue mita moja zaidi, wazee wanasema maji yatarudi chini kama mwaka 2006 na boti zitakuwa mbali chini ya miguu yetu. Nani yuko sahihi? (Katibu wa kikundi cha wasafirishaji, Ukerewe)

JIBU: Fundi anakumbuka miaka ya karibuni na wazee wanakumbuka mbali zaidi, na wote wanasema kweli. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyotolewa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Mei 2020, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, lilivuka hata kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikitaja kama mwisho wa habari, na mwaka 2024 likapanda tena. Kati ya kimo cha chini cha 2006 na vimo hivi vya juu kuna takriban mita tatu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa inayopotea ni mvuke; mto unaotoka ni mmoja tu, Nile. Kwa hiyo misimu michache ya mvua nzito au ya kiangazi kikali inatosha kulibadilisha, na hakuna kimo kimoja cha gati kitakachowafaa kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo msibishane juu ya kimo, badilisheni umbo. Kwa vyombo vidogo, mteremko wa zege uliokwaruzwa usiteleze, unaoanza juu nchi kavu na kuzama majini, unafanya kazi maji yakiwa popote: chombo kinasogea juu au chini, na mchukuzi anatembea hatua zaidi au hatua pungufu. Penye kina kirefu na boti kubwa kidogo, gati linaloelea, lililoshikwa kwa nguzo zilizosimama, lenyewe likipanda na kushuka pamoja na maji, ni ghali zaidi mwanzoni, lakini kimo chake kutoka majini hakibadiliki hata maji yafanye nini. Ngazi pana za zege ni njia ya kati. Mimi ningechagua mteremko, kwa sababu hauna minyororo wala viungo vya kukaguliwa na mtu ambaye halmashauri haijamwajiri.

Kumwaga zege jipya juu ya la zamani kunanipa wasiwasi. Kila tabaka ni mzigo mpya juu ya msingi uliopimwa kwa mzigo mdogo, na msingi wenyewe uko majini ambako hamuuoni. Mhandisi akague chini kwanza, ndipo muongeze juu. Pigeni pia alama za rangi kila sentimita kumi kwenye nguzo moja, mzisome kila Jumatatu na kuandika. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye ofisi Mwanza, inashughulika na vipimo vya maji ya bonde hili, na daftari lenu likiwekwa kando ya vipimo vyao litamwonyesha mhandisi ziwa lenu lilivyokuwa likicheza mahali penu hasa.

SWALI: Msimamizi wetu ameanza kutuzuia kuondoka hadi ahesabu abiria mmoja mmoja, hata siku ya gulio, watu wamejaa na jua linazama. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii na sijazamisha mtu. Ana mamlaka hayo? (Nahodha, visiwani)

JIBU: Anafanya kazi yake, nahodha wangu, na namwombea asichoke. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Idadi yao kamili inabishaniwa hadi leo, kwa sababu orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo melini. Fikiria uzito wa jambo hilo: kuna familia ambazo ndugu yao hakuandikwa popote kwamba alipanda. Wengi wamelala makaburi ya Igoma. Halafu tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Watu waliokuwa gatini waliwaona.

Nahodha wa miaka kumi na minne anajua chombo chake kinavyokaa majini, na sikudharau. Lakini siku ya gulio watu hawapandi kwa utaratibu mnaoujua ninyi mabaharia. Wanapanda na mbuzi, magunia na watoto mgongoni, na wote hukimbilia upande mmoja gati linapoonekana. Hesabu inapaswa kufanywa na mtu asiye na nauli mfukoni, akiwa nchi kavu, kwenye mlango mmoja tu. Mtoto wa mgongoni ni mtu mmoja. Orodha yenye majina ibaki nakala yake gatini kabla kamba haijafunguliwa, na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Malalamiko yako kuhusu jua linalozama ni ya haki, na jibu lake lisiwe kuacha kuhesabu. Mwambie msimamizi achapishe tiketi zenye namba, sawasawa na uwezo wa chombo, azitoe tangu saa nane mchana. Tiketi zikiisha mlango umefungwa, hakuna ubishi, na wewe huhitaji kumkatalia shemeji yako mwenyewe. Siku ya gulio pangeni safari ya ziada mapema, ijulikane sokoni tangu asubuhi. Msongamano wa saa kumi na mbili jioni huanza kwa watu ambao hawakuambiwa kama kutakuwa na boti nyingine.

SWALI: Mimi ni muuguzi katika zahanati ya karibu na mwalo. Kila tukidai choo cha mwaloni tunaambiwa hiyo ni hoja ya idara ya afya, siyo ya wasimamizi wa gati. Ni kweli? (Muuguzi, Sengerema)

JIBU: Siyo kweli, dada yangu, na nakushukuru kwa kuuliza. Choo ni sehemu ya gati kama zilivyo nguzo zake. Wewe unaijua kichocho kuliko mimi, lakini niieleze kwa wenzetu: mayai ya minyoo hutoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa na kuingia ndani ya konokono wadogo wa kandokando ya maji, na kutoka humo viluwiluwi vya minyoo hupenya ngozi ya yeyote anayesimama majini, hata kwa muda mfupi. Mwaloni wote husimama majini: mvuvi anayevuta mtumbwi, mchukuzi anayepokea ndoo za dagaa, mama anayeosha sufuria. Vidonge vinavyotolewa shuleni na vijijini vinaua minyoo, lakini havizuii mtu kuambukizwa upya kesho yake asubuhi mahali pale pale.

Sasa, choo kinachofungwa kwa kufuli ni sawa na kutokuwa na choo. Mara nyingi kinafungwa kwa sababu hakuna aliyelipwa kukisafisha, nacho kilipochafuka mtu fulani aliona aibu akaenda kununua kufuli. Nilichoona kikifanya kazi ni kumkabidhi mtu mmoja wa mwaloni, mara nyingi mama mmoja au kikundi cha akina mama, kwa mkataba ulioandikwa: atoze kiasi kidogo kilichobandikwa mlangoni, awe na maji na sabuni, na kifunguliwe kabla mitumbwi ya usiku haijarudi, yaani alfajiri, siyo saa mbili ofisi zinapofunguliwa. Wachukuzi wanaoshinda mwaloni walipie kwa wiki, kwa bei ya chini. Shimo lichimbwe juu ya kimo ambacho maji yalifika mwaka 2020. Vyoo vilivyochimbwa chini ya hapo ziwa linaweza kuvifuata tena.

SWALI: Mfanyabiashara amenunua kiwanja kando ya ziwa na anajenga ukumbi karibu na maji kabisa. Anasema ana kibali. (Mkazi, Mwanza)

JIBU: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiwanja kuwa chake hakuondoi mita hizo. Pimeni kwa futi kamba kutoka maji yanapofika wakati wa masika, pigeni picha, mpeleke Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Pelekeni sasa, msingi ukiwa bado haujapanda.

SWALI: Magugu maji yameziba gati letu, tunayatoa kwa mikono na baada ya mwezi yamerudi. (Wachukuzi, Magu)

JIBU: Jiulizeni kwanza mnayaweka wapi. Kama mnayarundika ukingoni, mvua ya kwanza inayarudisha, na mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri. Yapelekeni juu, mbali na maji, yakauke juani. Katika miaka ya tisini, magugu yalipozidi kabisa, fukusi wanaoyala waliletwa na kuachiwa ziwani, nao walisaidia sana kuyapunguza, ila fukusi hufanya kazi kwa miaka, nanyi mnahitaji gati leo. Kwa gati dogo, kamba ndefu yenye madumu matupu, ikizungushwa mbele ya mlango wa boti upande unaotoka upepo, inazuia sehemu kubwa isiingie kwenye propela. Msiyamwagie dawa, ng'ambo ya gati lenu kuna mtu anayechota maji ya kunywa.

SWALI: Shikamoo babu. Nilikuwa napika chakula pale kivukoni Busisi. Daraja lilipofunguliwa magari yakahamia juu, nasi hatulalamiki, wagonjwa sasa wanafika Mwanza bila kusubiri foleni. Lakini ufukwe umekuwa kimya. Eneo lile litatufaa tena? (Mama lishe, Busisi)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na umesema vyema kuhusu wagonjwa. Nami najua maana ya kuamka alfajiri kuwasha moto mahali ambapo foleni haipo tena.

Kilichobaki pale ni kitu ambacho mialo mingi ya ziwa hili inakililia: mteremko imara wa kuingia majini, uliojengwa kubeba malori, wenye barabara inayofika hadi mlangoni pake. Boti ya mvuvi inayovuja leo inaburutwa kwenye mchanga na mawe na vijana ishirini, na kila ikiburutwa inaumia chini. Kwenye mteremko wa zege, kwa magurudumu na winchi ya mkono, watu wanne wanaipandisha ikiwa nzima. Mahali pa kupandishia boti huleta mafundi seremala, wauza mbao na misumari, mafundi injini, na hao wote wanakaa kutwa nzima na wanakula mchana. Hawatakuwa wengi kama abiria wa kivuko, nisikudanganye, lakini ni wateja wa kila siku. Na boti ya uokoaji inaweza kushushwa hapo kwa dakika chache.

Msingoje mtu awaze hayo kwa niaba yenu. Muungane mama lishe, wavuvi na mafundi, muandike TEMESA kuuliza mteremko ule utabaki kuwa wa nani na kwa matumizi gani, na nakala iende halmashauri yenu. Waombeni wasiuache bila mwangalizi wakati majibu yanatafutwa, kwa sababu mchanga ukishajaa chini na wimbi likaanza kuchimba pembeni, zege hupasuka kuanzia kwenye kona za majini. Nendeni mkazitazame kona hizo Oktoba, maji yakiwa chini, mzipige picha mkiwa mmeweka futi kamba kando ya kila ufa, na picha hizo mziambatishe kwenye barua.